Mdomo Mwekundu

Juzi kule Malili niliona ndege ametua juu ya punda aliyebeba maji, nikamkumbuka punda wetu wa utotoni.

Mitungi ilikuwa imemchubua bega. Alasiri moja alinuka jasho na oili chafu ya gari ambayo nyanya yangu alimpaka kwenye kidonda. Ndege kama huyo akaja, akilia kama mafuta yanayochemka, akasimama kando ya kidonda. Mdomo wake ulikuwa mwekundu. Nikaokota jiwe.

"Wachana na yeye," nyanya akasema. "Huyo ni daktari. Anatoa kupe."

Sikuamini. Nilijificha nyuma ya ghala nikamchunguza. Aliruka hadi kwenye karai, akanywa maji, akakung'uta kichwa. Mdomo ukabaki mwekundu vilevile. Nikajua amekunywa damu nyingi mpaka haioshiki.

Siku hizi najua mdomo wa ndege hao ni mwekundu hata wakiwa na njaa. Kwa hivyo kule Malili sikuokota jiwe.

"Usimfukuze," mwenye punda akaniambia hata hivyo. "Ni daktari."

Nilisogea karibu na kidonda kilichokuwa begani mwa punda wake. Kidonda hakikuwa na kupe hata mmoja, na daktari alikuwa anakunywa.