Siku Baba Alipotuharibia Filamu

Baba hakuwa bubu, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi. Kiharusi kilimvuta mdomo upande na kumlegeza mkono wa kulia, lakini mtaalamu wa kliniki alituambia wazi kwamba sauti ipo. Maneno yangetoka yamevunjikavunjika mwanzoni, kisha yangenyooka, mradi mgonjwa akubali kuyatoa. Baba hakukubali. Mara ya kwanza alipojaribu kuomba chumvi mbele ya wageni, neno lilitoka limepondeka, mtu mmoja akacheka bila kukusudia, basi. Tangu siku hiyo, akitaka kitu alinyoosha kidole. Akikataa, alifumba macho.

Huyu ni mtu aliyeendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya Soy, akipiga kelele kuushinda mngurumo wa injini. Sasa aliishi kwangu Kiplombe, kimya kama mtungi. Nilimbembeleza, nikamwimbia nyimbo za kanisani ili aitikie, nikamnunia. Siku moja hata nilimficha rimoti ili aiombe kwa mdomo. Aliketi akitazama ukuta mpaka nikaona aibu, nikamrudishia. Niliogopa, tena sana. Tulikuwa tumeonywa kwamba kimya kikishazoeleka, kukivunja ni kazi nyingine.

Jumapili moja mvua ilitufungia ndani baada ya ibada. Kwenye duka moja la filamu mjini nilikuwa nimejaziwa kwenye flashi filamu ya zamani ya mambo ya angani, ambayo nimesikia ikisifiwa tangu nikiwa shuleni. Marehemu Mama hakuruhusu vitu hivyo nyumbani. Kwake, kiumbe chochote chenye macho zaidi ya mawili kilikuwa shetani. Ndiyo maana nilifika umri wa kuvaa miwani bila kuiona.

Jirani yangu, mwalimu aliyehamia huku kutoka upande wa Kisumu, alikuja na sahani ya njugu. Akajibana katikati yangu na Baba, kwa kuwa hawezi kutazama kitu cha kutisha akiwa pembeni.

Katika filamu hiyo, wafanyakazi wachache wamekwama kwenye kituo katika sayari ya baridi, hewa inapungua, na kuna kitu kinazima taa chumba baada ya chumba. Mitambo yao ilikuwa ya kuchekesha, kompyuta kubwa kama friji. Hata hivyo, muda si muda nilikuwa nimekumbatia mto.

Huku kwetu filamu haijaanza mpaka steringi ajulikane. Steringi ni yule asiyekufa. Risasi zinamkwepa, mafuriko yanampisha. Ukishamjua unaweza hata kwenda jikoni kuchemsha chai, roho imetulia. Jirani alimchagua nahodha, mwanamume mwenye kidevu kama jembe.

"Huyo ndio steringi," akasema. "Cheki vile anatembea."

Nikakubali. Baba akaguna. Nikadhani ni mgongo, nikamletea mto, akausukuma.

Nahodha akashika tochi, akaingia gizani peke yake.

"Wacha aende tu," jirani akasema. "Steringi hafi! Ama namna gani, Mzee?"

Baba akainua kidole, akakitikisa. Jirani hakukiona, alikuwa anatafuna njugu. "Steringi hafi," akarudia, "hafi kabisa." Uso wa Baba ukaiva. Alikuwa na sura ya mtu aliyeketi na wajinga mchana kutwa.

"A... na... kufa," akasema.

Na kweli, kwenye skrini nahodha akafa.

Jirani alimgeukia Baba, amekasirika kikweli. "Aii, Mzee! Kumbe ulishaiona? Sasa mbona unatuharibia muvi?"

Sitasahau wema huo. Hakumpongeza, hakumpigia makofi kama mtoto aliyesimama dede. Alimgombeza.

"Nili... ona," Baba akasema. "Mjini. Ki... kijana." Kisha akamwonyesha mwanamke aliyekuwa akipakua uji nyuma ya wenzake. "Steringi... mpishi."

"Huyu mama wa sufuria? Wacha bana!"

"We... we ngoja!"

Kwa kawaida mtu anayemwaga mtama wa filamu mbele yangu namtoa nje. Shemeji yangu ni shahidi. Siku hiyo nilisimamisha filamu. "Endelea, Baba. Halafu?"

Aliniangalia kwa mashaka, maana ananijua. Kisha akaanza. Maneno yalichechemea, mengine yakatoka kinyume, jirani akabisha, Baba akarudia kwa nguvu zaidi. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa mkono ulio mzima bila kujali nani anaona. Mpishi akafunga milango, akamnasa msaliti, akabaki na pumzi ya mtu mmoja. Mvua ilikatika hatujui. Nililia waziwazi, jirani akadhani namlilia mpishi.

Alipofika mwisho alinyamaza, jasho kwenye paji la uso. Niliogopa kwamba ameyamaliza yote, kwamba kesho ni kidole tena.

"Basi, Baba? Ndiyo imeisha?"

Akatikisa kichwa, akavuta pumzi.

"Ba... bado," akasema. "Iko... ya pili."