Kufuli kwa Nje, Jiko la Mkaa Ndani

Mume wangu alitufungia ndani kwa kufuli, na mimi ndiye niliyemwomba.

Mwaka tisini na saba, Mafiga, Morogoro. Ghorofa la shirika tulilopanga lilikuwa limeuzwa. Tajiri mpya akapiga marufuku mkaa, akafunga juu ya paa mtambo unaovuta joto la hewa na kupasha maji ya bomba. Ukikutwa na jiko la mkaa, unahama siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nimejifungua juzi tu. Mama alishuka kutoka Mgeta kuja kunikanda. Nikamwonyesha bomba la maji moto.

"Yamepashwa na nini?"

"Na hewa, mama."

"Hewa? Hewa ndiyo inayomuua mzazi! Maji yasiyoona moto hayakugusi, mwanangu."

Nani abishane na mama? Akawa anawasha jiko chumbani, dirisha kafunga, matambara kaziba chini ya mlango harufu isitoke. Eustace, mume wangu, akienda kazini anapachika kufuli kwa nje, ili mzee Stambuli, msimamizi wa jengo, adhani hakuna mtu.

Siku ya nne kichwa kikaanza kunigonga. Mama akakaa sakafuni ghafla, akafumba macho. Nikamtikisa mwanangu Baraka.

Hakuamka.

Jamani, nilichanganyikiwa. Miguu haina nguvu, dirishani sifiki. Nikatambaa hadi mlangoni.

Mara nikasikia Stambuli anakohoa kwenye korido. Akituona, tunahama. Twende wapi na kichanga?

Mkono ukasita. Naona aibu kuandika hivi, lakini ulisita.

Nikamtazama Baraka. Nikaugonga mlango kwa sufuria. "Tunakufa humu!"

Stambuli akakimbilia nyundo, akavunja kufuli. Akalitupa jiko nje, akafungua dirisha. Baraka akakohoa, kisha akalia. Nami nikalia kuliko yeye.

Mama akafumbua macho. "Fungeni mlango, upepo huo!"

Nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Tafadhali usitufukuze."

"Marahaba. Nani amfukuze mzazi?" Akaonyesha ndoo mlangoni, inafuka mvuke. "Nilijua mpo. Nepi zinajianika zenyewe? Mke wangu kanituma nikuletee maji ya kukandwa."

"Ya bomba?"

Akachungulia korido, akanong'ona. "Ya mkaa. Tuna jiko letu kule nyuma ya stoo. Mke wangu naye ya hewa hayataki."

Ndugu zangu, mkaa na chumba kilichofungwa ni kifo, msijaribu. Na kabla hujajifungia kumkwepa jirani, mgongee mlango kwanza. Mimi nusura nimzike mwanangu kwa kumwogopa mtu aliyekuwa anajificha kama mimi.