Mabehewa Tuliyoahidiwa Kibirizi

Sogea, msikilizaji wangu, nikueleze taratibu. Ukipotea njiani nisimamishe. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, kurudia hakunichoshi. Nataka ujue kwa nini hadi leo nikisikia makofi ya mkutano wa kampeni, puani mwangu hupita harufu ya dagaa waliooza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mahindi na mafuta ya msaada yalipenya kutoka makambini yakauzwa sokoni Kigoma kwa bei ya kutupa, na malori yaliyokuwa yakienda huko yakaleta wanunuzi wa dagaa. Mji ulichangamka. Dada yangu mkubwa, ambaye nilipanga naye chumba kimoja Katubuka, alikuwa akiuza dagaa mwaloni Kibirizi, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotua. Msimu ule alipata mzigo mzuri. Akawaanika mchangani, akawageuza jua zima, akawafunga kwenye magunia na kuyapanga bandani. Magunia yale ndiyo yaliyokuwa paa la nyumba aliyokuwa akijenga. Kuta za udongo zilikuwa zimeshasimama. Zilingoja mabati tu, naye ahamie.

Sasa shika jambo hili moja. Kwetu kila anayeanika dagaa anajua kwamba mvua zikikaribia, gunia haliwekwi. Dagaa aliyekauka hunyonya unyevu hata akiwa ndani ya banda lililofungwa. Unamuuza kwa bei yoyote iliyopo, basi. Dada alilijua hilo kuliko mimi.

Wakaja wagombea. Wa kwanza kati ya wawili waliowania urais na kufika mwaloni alikuwa mzee mkavu mwenye kikohozi. Hakusalimia sana. Alisema, "Mabehewa ya treni hayatoshi, na vichwa vya kuyavuta ni vibovu. Hata mkinichagua mimi, msimu huu hamtayaona. Na biashara hii mnayoiona imenona kwa sababu ya wakimbizi. Siku wakirudi kwao, itakonda. Jipangeni mapema."

"Toka!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Umekuja kuomba kura au kutuwekea matanga?"

"Mpeni dagaa, huyo ana njaa!" mwingine akadakia, na mwalo mzima ukacheka. Mzee akashuka jukwaani akiwa anakohoa. Nilimwonea huruma, lakini nikuambie ukweli na mimi: alizungumza nasi kama anayetusomea hukumu. Hakumpa mtu hata neno la kumtia moyo.

Baada ya siku chache akaja wa pili. Akatuamkia "Mwakeye!" ilhali hiyo ni salamu ya Kiha ya asubuhi, na jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Kongo. Watu wakamshangilia kana kwamba alizaliwa Mwamgongo, kijiji cha kwetu. Akainama, akachota dagaa waliokuwa mchangani, akawatia mdomoni mbele ya wapiga picha. "Watamu! Hawa wanastahili kuliwa nchi nzima! Uchaguzi ukiisha tu, naleta mabehewa maalumu ya dagaa wa Kigoma. Msiuze kwa bei ya aibu. Ngojeni mabehewa yenu, mama zangu!"

Vigelegele vikapasua masikio. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gari lake. Nilimwona akizunguka nyuma, akatema wale dagaa kwenye leso, akamkabidhi dereva leso ile, akasukutua kwa maji ya chupa. Kisha akarudi mbele akiwa anatabasamu.

Jioni ile ile mnunuzi wa dada, mwenye lori la kwenda Kasulu, alikuja kuchukua mzigo.

"Siuzi," dada akamwambia.

"Dada yangu, wingu lile pale huoni?"

"Naliona. Nangoja behewa."

"Mimi nina lori, hili hapa, ligonge ulisikie. Behewa lako liko wapi?"

"Linakuja. Wewe umezoea kutunyonya."

Yule bwana akanigeukia. "Mwalimu, sema naye."

Nikasema naye. Nikamweleza habari ya leso. Akanijibu, "Una wivu, mdogo wangu. Mimi nikihamia kwangu utabaki na kodi peke yako." Lori likaondoka tupu, maana wauzaji wenzake dada nao walikataa kuuza.

Kura zikapigwa. Kwetu mwaloni yule wa leso alizoa karibu zote, na urais akaupata. Mvua zikaanza. Dada alikuwa akipanda stesheni kuuliza, anarudi na viatu vya matope, anasema labda wiki ijayo. Siku tulipofungua banda, magunia yalikuwa ya moto ukiyagusa. Dagaa walikuwa wameshikana kama ugali, funza wakitembea juu yao. Tukawazoa kwa koleo tukiwa tumefunga khanga puani. Kila banda jirani watu walikuwa wakizoa.

Halafu dada akasema, "Ni yule mzee wa kikohozi."

"Kafanya nini?"

"Alituombea nuksi. Alisema hakuna mabehewa, na kweli hayakuja."

"Si ndiye aliyekwambia ukweli?"

"Kwani nilimwomba? Huyu mwingine angalau alitutakia mema."

Wanawake wa mabanda ya jirani wakaitikia, "Kabisa! Mdomo mchafu ule!" Koleo likaniponyoka. Harufu nilikuwa nimeshaizoea. Maneno yale ndiyo yaliyonitoa nje kwenda kutapika. Sikumchukia dada. Alikuwa amepoteza paa, na kumlaumu mzee aliyekwisha kuondoka ni rahisi kuliko kujilaumu mwenyewe. Niliyemchukia ni yule wa leso, aliyejua kwamba lawama tungemtupia mwingine.

Tulibaki kwenye chumba cha kupanga, na mvua zile zikazilainisha kuta za nyumba hadi upande mmoja ukalala. Wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi kama mgombea akisema kweli kuhusu uchumi anapata au anapoteza. Huwa nawajibu kwamba pale kwetu alipoteza kura, nasi tukapoteza dagaa. Nao wana akili; huniuliza wafanye nini.

Nawe nakupa jibu nililowapa. Mgombea akifika mtaani kwenu akaahidi behewa, usipige makofi kwanza. Nyoosha mkono, simama, umuulize kwa sauti watu wote wasikie: behewa hilo leo liko wapi?