Sikuwa Wakala wa Mtu

Chumba changu cha kazi kilikuwa Kikwajuni, nyumbani kwa mama. Mlikuwa na kompyuta mbili kuukuu, modemu na feni, na humo ndimo zilimopitia barua pepe za hoteli kadhaa za Mji Mkongwe na za wauza viungo wachache. Kazi hiyo niliianza mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipochoka kuwa karani wa watu.

Kisha ikaja kampuni kutoka Dar es Salaam. Wao waliuza barua pepe, simu na faksi, vyote katika programu moja. Mteja wangu wa kwanza, bibi mmoja mwenye hoteli Shangani, akaniita nisikilize maelezo yao mbele yake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Sikutaka uyasikie njiani."

Bwana wa mauzo alivaa tai kwenye joto lile. Akatuonyesha faksi ikitokea kwenye kioo cha kompyuta, bila karatasi. Sitadanganya, kitu chao kilikuwa kizuri na mimi sikuwa nacho. Alipomaliza akanigeukia.

"Dada, kuwa wakala wetu. Tuletee wateja wako, na vile vyombo vyako uvipumzishe."

"Vyombo vyangu havijachoka."

Akacheka. "Utashindana na sisi?"

"Mimi nshaanza zamani. Nyinyi ndio mmekuja leo."

Wiki ile ile bibi akahamia kwao, na hoteli kubwa zikamfuata. Mama akaniuliza kama sasa nimepata akili. Nikamjibu kuwa nimepata nafasi.

Nikaenda ambako wao hawakufika: kwa wenye viungo upande wa Kizimbani, na kwenye nyumba ndogo za wageni za pwani ya mashariki. Mtu akikwama nilikwenda mwenyewe, nikakaa naye mpaka barua yake iondoke.

Baadaye yule bwana alikuja kwangu, safari hii bila tai. Kampuni ilitaka kuwanunua wateja wangu. Nikammiminia kahawa, nikamwambia hao si mbuzi wa mnada.

"Dada, barua pepe za bure zinakuja. Sote wawili tutaondoka."

"Basi tangulia."

Alisema kweli. Za bure zilikuja na zikanipunguzia wateja vibaya sana. Waliobaki walibaki kwa sababu zao, nami nikabaki nao. Kibao cha mlangoni sikukishusha. Mwaka ule nilikipaka rangi upya, ya kijani.