Poromoko la Sepuka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza tumehamia kwenye kijiji cha ujamaa pale Sepuka. Nilikuwa nimesoma madarasa mawili tu, lakini Kiswahili nilikiweza kuliko wenzangu, basi nikafanywa mkalimani. Mashine ya kusaga niliyo nayo na ng'ombe hawa unaowaona nilivitafuta kwa mikono yangu. Sikupewa na mtu. Lakini siku ile nilikuwa mjinga, na sikufichi.

Akaja bwana mmoja wa ujenzi. Tulitaka kujenga ghala la kijiji, na mawe yalikuwa mbali. Tukafika kwenye kijito, mahali maji ya masika yanapovuka jabali na kuanguka, kimo cha mtu mzima hivi.

"Hapa panaitwaje?"

"Poromoko, bwana."

"Lina kazi gani?"

Nyuma yangu walikuwepo wanawake wenye vibuyu. Sikugeuka hata kuwauliza. Nikajibu, "Halina kazi. Maji yanaanguka tu."

Kesho yake, ili tupate mawe ya ghala, tukawasha moto juu ya ukingo wa lile jabali. Jiwe likipata moto tunalipiga nyundo, linapasuka vipande vizuri. Msingi wa ghala ukasimama, nami nikatembea kijijini kifua mbele.

Masika yakaja na kupita. Maji hayakuanguka tena, yaliteleza taratibu. Kiangazi kilipokaza, wanawake wakaenda kuchota kwenye shimo lililokuwa chini ya poromoko, wakakuta mchanga mtupu. Mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, akawa anatoka alfajiri na kurudi jua la utosini na kibuyu kimoja.

Ndipo Mama Ntandu, bibi aliyewazalisha nusu ya wanawake wa pale, akanijia nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiye mimi."

Akagonga kibuyu kikavu mbele ya uso wangu. "Haya, nitafsirie na mimi. Hiki kinasemaje?"

Mke wangu akacheka, nami nikamsogezea bibi kigoda.

Yule bibi akaketi. "Wewe ukisikia poromoko, unasikia maji yanaanguka. Mimi nasikia maji ya kiangazi. Yakianguka kwa nguvu ndiyo yanachimba lile shimo na kufukuza mchanga. Nasikia zamu: mwenye mimba huchota kwanza, ng'ombe hunywa chini, si juu. Binti yangu aliolewa Misigiri. Akituma salamu anauliza, 'Poromoko halijambo?' Anauliza kama tuko hai. Na mtu akikwambia, 'Huyo ni wa poromoko letu,' ujue hao hawaibiani ng'ombe. Yote hayo ulimwambia yule bwana?"

"Sikumwambia, mama."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Mdomo ulikuwa nao. Ungetuuliza."

Aibu niliyoisikia, mwanangu, ilizidi njaa ya mwaka wowote. Jioni nikasimama mbele ya mkutano wa kijiji nikasema kosa ni langu, si la bwana wa ujenzi. Yeye aliuliza, mimi ndiye niliyejibu. Wakaniruhusu kung'oa mawe ya msingi wa ghala, maana kuta zilikuwa bado hazijainuliwa. Niliyabeba begani, nikayapanga ukingoni kwa udongo wa kichuguu, vijana wakinizomea, "Mkalimani, leo jiwe linasemaje?" Masika ya kwanza yaliubomoa ukingo, nikaujenga upya. Ya pili maji yakaanguka, na kiangazi chake shimo lilikuwa na maji ya kufika gotini. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameshaanza kutembea. Miezi yote ile mama yake alikuwa amefuata maji mbali, naye mgongoni. Hilo sikuweza kulirudisha.

Sasa nakwambia waziwazi. Ukiulizwa kitu cha watu kina maana gani, usijibu kwa unachokijua peke yako. Mtafute anayekitumia, hata kama hajui kusoma, umsikilize mpaka amalize. Ukishakosea, simama useme ni wewe, kisha ubebe mawe.

Mungu akupe masikio kabla ya mdomo, mwanangu, na nyumba yako isikose maji hata mwezi wa kumi.