Siku Nilipotaja G Mbele ya Harusi Nzima

Hii aibu nimeificha miaka mingi, lakini leo wacha niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa Nduku mtacheka hadi mlie (na ataongeza chumvi, namjua).

Ilikuwa harusi ya dada yangu Mueni, kwetu Kalama, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Baba alitutoka tukiwa wadogo, mama akatulea kwa kuuza mboga soko la Machakos, kwa hivyo nilikuwa nimetunga wimbo wa kumshukuru, Mueni aimbe, mimi nipige gitaa, naye Nduku wa kwaya apige kinanda. Tulifanya mazoezi kwa ufunguo wa G, vizuri kabisa. Lakini Mueni alikuwa analalamika wimbo uko chini sana, basi wiki ya harusi nikanunua kapo, kile kibano cha kukaza nyuzi zote shingoni mwa gitaa ili sauti ipande, nikakifunga freti ya tatu (freti ni vile vyuma vidogo vinavyogawa shingo, kila kimoja kikipandisha sauti hatua moja), tukajaribu sisi wawili nyumbani, akaimba kama ndege. Nikajiona fundi! Kumwambia Nduku sikuona haja (si vidole vyangu bado vilikuwa vinashika G ile ile?).

Siku yenyewe Nduku akakitazama kile kibano.

"Musyoka, na hiyo kitu umefunga hapo, bado tuko G?"

"G ni G. Wewe piga."

Tukaanza. Wueh! Kinanda kilienda kwake, gitaa kwake, na Mueni katikati hajui amfuate nani. Mjomba mmoja akapaza sauti, "Aiya, zimeni hiyo jenereta!" watu wakaangua kicheko, na mimi, badala ya kusimama, nikamwonyesha mtu wa spika aniongezee sauti, eti wasikie nani yuko sawa, sasa hata ng'ambo ya mto wakasikia ule uozo. Mueni akaacha kuimba. Mama, pale alipoketi, akainamisha uso.

Hapo nikaacha kupiga. Nikaweka kidole shingoni mwa gitaa, mbele ya kila mtu, nikahesabu kama mtoto wa darasa la kwanza: kutoka G, freti moja ni G shapu, mbili ni A, tatu ni B flati.

"Nduku, nisamehe," nikasema, maikrofoni ikiwa wazi. "Nikishika G inalia B flati. Nikishika C ni E flati. D ni F."

"Si ungesema!" akanijibu, na vidole vyake vilikuwa vimeshafika B flati kwenye kinanda.

Jamani, wimbo ulitoka! Ubeti wa pili mama akainuka, akaja akicheza polepole hadi mbele, akamshika Mueni mashavu, vigelegele vikatanda, na yule mjomba wa jenereta ndiye aliyedai turudie.

Kanda ya video ipo hadi leo. Kila mtu hutaka kuona pale ninapoumbuka, lakini mama husema tusubiri kidogo, pale midomo yangu inapohesabu, halafu huwaambia wageni, "Huyo ni wangu."

Mimi nimeapa: siku hizi mtu akiniuliza tuko wapi, nahesabu kwanza, ndipo nafungua mdomo.