Visogo Chini ya Sufuria

Nyie mnaoonyesha picha iliyokamilika tu, mnaniudhi. Mnachana majaribio yote kama mnaficha ushahidi wa wizi, halafu mtu akiuliza wazo lilikujaje, mnajibu, "Lilikuja tu." Lilikuja tu kama nani, mvua?

Kuna msusi mmoja alikuwa na ugonjwa huohuo. Mchana anasuka saluni, jioni anasomea uchoraji. Kazi yake ya mwisho wa kozi ilikuwa imeshakamilika: wanawake wamekaa kwenye benchi, wote wamekupa kisogo, kila kichwa na mistari yake. Mwalimu akaitazama weee, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nzuri. Sasa nionyeshe ilikotoka."

"Mkononi mwangu, mwalimu."

"Usinichekeshe. Ulianza wapi, ukakwama wapi, ukageuka wapi? Niletee michoro ya mwanzo kesho asubuhi. Bila hiyo, kwenye maonyesho huingii."

Msusi hakuwa na hata mmoja. Kila mchoro uliomshinda aliukunja akautupa. Saluni, msuko ukienda upande unafumuliwa. Mteja haonyeshwi makosa. Mikono yake ilishazoea hivyo.

Akafika nyumbani kanuna. Shangazi yake anayeishi naye alikuwa anamenya vitunguu.

"Nani kakufia?"

Akaeleza. Shangazi akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Karatasi nzito vile, upande mmoja mweupe pe, niziache ziende jaani? Nina wazimu? Toa sufuria hizo!"

Wakatoa. Rafu ya kabati ilikuwa imetandikwa michoro, uso chini, kila mmoja umenyooshwa kwa kiganja. Karatasi ikichafuka, Shangazi analaza nyingine juu yake. Basi walivyozibandua, wazo likawa linarudi nyuma: benchi nzima, vichwa viwili, kichwa kimoja, nyuso zilizopinda, na chini kabisa ua kwenye chupa, baya mpaka Shangazi mwenyewe akaguna.

Kisha akachomoa ile ya kichwa kimoja. "Huyu si mimi? Mbona umeninyima uso?"

"Uso gani, Shangazi? Ulikataa kutulia! Nikianza kuchora pua, umegeukia mboga. Nikakasirika, nikachora kisogo..."

Akaichukua ile karatasi, akaitazama upya. Kumbe wazo lilizaliwa palepale kwenye hasira, na yeye akalitupa.

Asubuhi mwalimu akazipanga sakafuni, kuanzia ua hadi benchi, akakunja pua.

"Mbona zinanuka vitunguu?"

"Si umetaka kujua zilikotoka?"

Mwalimu akaangua kicheko. "Umeingia. Na hizi tunazitundika pembeni ya picha, na mafuta yake hivyohivyo."

Msusi akashusha pumzi kama aliyetua ndoo ya maji. Jioni hiyo akampelekea Shangazi karatasi mpya kabisa za kutandikia kabati. Zikakataliwa: "Hizi hazina kitu. Kachore kwanza."

Sasa wewe, mchoro wako wa leo ukikushinda, nakuomba usiuchane. Andika tarehe pembeni, uulaze mahali. Hata chini ya sufuria.